Sauti ya kompyuta ya saluni inarudi 40 kila ikiwashwa, kumbe mchawi ni mimi

Kuna wiki tatu mfululizo simu yangu ya kwanza ya asubuhi ilikuwa inatoka kwa kaka yangu na haikuwa ya kujuliana hali. Napokea, shikamoo kaka, marahaba dogo, sauti imeshuka tena. Hapo bado hata sijatoka kitandani.

Kaka ana saluni ya kiume huku Mbagala, viti vitatu, tivii moja ukutani, sabufa moja ile kubwa yenye spika mbili za pembeni, na nyuma ya kaunta kuna kompyuta ya mezani niliyomtafutia mimi Kariakoo, used iliyotoka kwenye maofisi, ndo inapiga miziki kutwa nzima. Naiita kompyuta makusudi, maana pale saluni ukisema mashine imezingua wote wanageuka kuangalia ya kunyolea. Nilimwekea Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows, kwa sababu sikutaka kila wiki niitwe kutoa virusi vya flashi za wateja, na kweli virusi sijaitiwa hata siku moja, nimeitiwa sauti.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Jioni wanafunga saluni sauti ipo pale wanapoipenda, wanazima kompyuta, asubuhi wakiwasha sauti imerudi 40. Siyo 39 siyo 45, ni 40 kila siku. Mtu anapandisha na mausi mpaka 80, umeme unakata saa nne, unarudi saa tano, wanawasha, 40 hiyo hapo. Ukizingatia umeme wetu wa huku unavyokata, kuna siku kaka alipandisha sauti mara tano, na yeye sio mtu wa kukaa kwenye kompyuta, mikono ina povu na nywele za watu, kila akigusa mausi inabidi aifute. Nikamwambia kaka si unapandisha tu, sekunde mbili. Akaniambia dogo, mimi nikikunyoa nusu kichwa nikakwambia malizia mwenyewe ni sekunde mbili utafurahi?

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa sabufa. Hizi sabufa za kisasa zenye rimoti na namba zinazowaka mbele, nyingi ukichomoa umeme zinasahau ulikoziacha zinarudi kwenye namba yake ya kiwandani, kwa hiyo mtu anailaumu kompyuta kumbe sabufa ndo imeshuka. Namna ya kujua ni rahisi, chomeka waya wa AUX kwenye simu, piga nyimbo, zima sabufa ukutani, washa tena, sikiliza. Ya kaka ni ya kizamani yenye kitufe cha kuzungusha kwa mkono, ikikaa kwenye nusu inabaki kwenye nusu hata ikae wiki bila umeme. Sabufa ikatoka na dhamana.

Wa pili akawa VLC, ile programu inayopiga nyimbo, kwa sababu VLC ina sauti yake yenyewe tofauti na ya kompyuta na ndani ya mipangilio yake kuna sehemu unaweza kuiambia ianze na kiwango fulani kila ikifunguka. Nikaangalia, ilikuwa imekaa poa 100. Na tena ukiangalia alama ya spika pale chini kulia kwenye skrini ndo ilikuwa inasema 40, kwa hiyo VLC haihusiki kabisa. Hapa nipoteze dakika moja niseme kitu, mtu akikwambia sauti imeshuka muulize kwanza IPI, maana kuna ya sabufa, kuna ya programu, kuna ya mfumo, na chini kabisa kuna ya kadi yenyewe, nne hizo zimepangana kama sufuria, na fundi anayegusa zote kwa mpigo hatajua iliyopona ilipona kwa dawa gani.

Basi nikagugo kama watu wote, na ukigugo tatizo hili kwa Linux jibu linalokuja kwanza ni hili:

sudo alsactl store

Jibu sio baya, ni la zamani tu. ALSA ndo ile tabaka ya chini inayoongea na kadi ya sauti, na hiyo komandi inaandika hali ya kadi kwenye faili moja linaitwa asound.state lililopo /var/lib/alsa, kompyuta ikiwaka inalisoma na kurudisha. Kwa kawaida hata huhitaji kuipiga kwa mkono kwa sababu kompyuta ikizimwa kwa utaratibu inajiandikia yenyewe. Umeona neno kwa utaratibu? Umeme ukikata hakuna utaratibu, hakuna cha kuandika, kinachobaki ni cha mara ya mwisho ilipozimwa vizuri. Nikajiona nimepata, nikasema huyu ndo mwenyewe, umeme unakata faili haliandikwi, nikampigia kaka kwa kujiamini kabisa nikamwambia kaka leo usiku zima vizuri kwenye menyu, kesho utanipa majibu. Kesho majibu yakaja saa mbili kasoro asubuhi. Arobaini.

Nikafungua na alsamixer, ile inayoonyesha viwango vya kadi ya sauti, nikaangalia kama kuna kitu kimefungwa, kule chini ya kila mstari ukiona MM ujue umezibwa, unabonyeza herufi M inakuwa 00 sauti inapita. Yote ilikuwa 00. Hakuna kitu.

Sasa hapa ndo nikafanya ujinga. Nilikuwa nimechoka, nikaona kwani shida nini, kama yenyewe inashusha mimi nitaipandisha kila ikiwaka, mchezo umeisha. Mint ina sehemu ya kuorodhesha programu za kuanza zenyewe ukilogin, nikaweka komandi hii ya kupeleka sauti 90:

wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 90%

Nikaiwekea isubiri sekunde 30 ndo ifanye kazi, kwa kuogopa kwamba ikiwahi sana itakuta mfumo wa sauti haujaamka. Nikajaribu mara moja, ikapanda, nikaondoka zangu. Sikumwambia kaka kuna sekunde 30. Niliona ni mambo ya kifundi.

Jumamosi asubuhi, mama mmoja kamleta mtoto wa kiume miaka sita hivi, anataka panki. Kaka kawasha kompyuta, ina SSD (diski ya kisasa) inawaka haraka, kafungua VLC kaweka nyimbo, sauti ipo chini kama kawaida, na yeye kwa kuwa ashazoea wiki zote hizo na mkono mmoja umeshika mashine (ya kunyolea) hakuhangaika na mausi, kaenda kuzungusha kitufe cha sabufa mpaka mwisho. Ikawa sauti ya kawaida, karudi kwenye kiti, kamuinamisha dogo kichwa, kaanza. Sekunde ya 30 ikafika. Kutoka 40 mpaka 90 kwa mpigo, sabufa ipo mwisho. Kaka anasema vioo vilitetemeka, mama aliruka akajifunika na mkoba, na mtoto aliruka pia, ila mtoto aliruka akiwa na mashine kichwani. Barabara moja nyeupe kuanzia juu ya sikio mpaka katikati ya utosi. Panki ikafa pale pale, ikawa kipara, na hela hakuchukua.

Simu ya siku hiyo haikuanza na marahaba.

Nikaenda mwenyewe saluni jioni, nimebeba na soda. Kitu cha kwanza nilishusha ile 90 nikaweka 60 ili kama ni kushtuka washtuke kidogo, kisha nikakaa nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza siku ya kwanza ningeokoa nywele za mtoto wa watu: kwa nini 40? Kwa sababu kitu kilichoharibika ovyo kinarudi ovyo, leo 20, kesho sifuri, keshokutwa imejiziba. Hiki kinarudi namba ile ile, kwa hiyo kuna mahali mtu kaandika 40.

Na kweli kaandika. Mint tangu toleo la 22 lililotoka 2024 inatumia PipeWire kwa mambo ya sauti badala ya PulseAudio ya zamani, na PipeWire ina msimamizi wake anaitwa WirePlumber, huyu ndo anaamua sauti itokee tundu gani na kwa kiwango gani. Kwenye mipangilio ya WirePlumber kuna kiwango cha kuanzia, kimeandikwa 0.064. Ukikiona unasema hii sio 40, hii ni 6. Lakini chukua 0.4 uzidishe kwa 0.4 uzidishe tena kwa 0.4, unapata 0.064, kwa sababu kile kimstari tunachovuta na mausi kinapigwa mara tatu hivyo ili kiendane na masikio yetu, ukikifanya cha kunyooka kitakuwa chini kinaruka ruka na juu hakisikiki tofauti. Hilo nililipenda sana nikamwelezea kijana wa kiti cha tatu, akaniangalia akasema fundi, sauti itapona au haiponi?

Ila maana yake ndo muhimu. WirePlumber anatumia 0.064 kwa kadi ambayo HANA KUMBUKUMBU YAKE. Yaani kila asubuhi anaikuta kadi ya sauti ya kaka kama mgeni, hajawahi kuiona, anaipa kile cha wageni. Kwa hiyo hakuna kinachoshusha sauti usiku, kuna kitu kinachoshindwa kukumbuka. Mimi wiki tatu natafuta mwizi kumbe mzee kasahau.

Anakumbukia wapi? Kwenye folda la mtumiaji, .local/state/wireplumber, humo ndani kuna faili linaitwa default-routes lenye jina la kadi, tundu la kutokea, na kiwango. Ukigusa sauti tu, baada ya muda mfupi anaandika humo, hasubiri uzime kompyuta, kwa hiyo hata umeme ukikata dakika moja baadaye alishaandika, na ile hadithi yangu ya umeme na alsactl ilikuwa inahusu tabaka lingine kabisa. Nikaenda kulichungulia folda. Ikagoma. Hauruhusiwi. Nikasema sijaruhusiwa vipi na hii ni nyumba yangu, nikapiga hii ya kuonyesha folda ni la nani:

ls -ld ~/.local/state

Mwenye mali: root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, sio kaka.

Nikakaa kimya. Kijana wa kiti cha tatu akauliza vipi, nikamwambia subiri kidogo, maana nilikuwa nimeshakumbuka.

Miezi miwili nyuma diski ya ile kompyuta ilianza kugonga, ka-ka-ka-ka, mnaijua ile sauti. Nikanunua SSD, nikaweka Mint upya kwa flashi, na kabla hata sijalogin mara ya kwanza, kompyuta ikiwa bado inaendeshwa na flashi, nikachukua mafolda yaliyofichwa ya diski ya zamani nikayabandika kwenye mpya ili kaka akute kila kitu kama alivyokiacha. Nikatumia komandi ya kukopi, sudo cp -r. Ukikopi kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, namna hiyo kila kitu kinachotua kinakuwa mali ya root, ingetakiwa niweke -a ili vibaki na wenyewe, hiyo kila mtu anaijua na mimi naijua na sikuiweka. Kosa lilijionyesha siku ile ile, ukibadilisha picha ya nyuma ya skrini haikai, nikarudisha umiliki wa .config. Firefox ikagoma kufunguka, nikarudisha na ya kwake. Ukifuta faili haliendi kwenye takataka, nikarudisha .local/share. Yaani nilikuwa naziba pancha moja moja kadiri zinavyolia badala ya kutoa tyubu yote niikague. Na .local/state haikulia. Yenyewe iliendelea tu kusahau kimya kimya, na mwanzoni kaka hakulalamika kwa sababu alidhani ndo utaratibu mpya wa SSD, alivyokuja kuchoka ikaonekana kama ni tatizo jipya. Ndo maana hata mimi sikuunganisha.

Wala ushahidi haukufichwa. Ukipiga journalctl --user -u wireplumber -b, inayoonyesha log, yaani kumbukumbu za yaliyotokea, unamkuta WirePlumber analalamika mwenyewe, nimeshindwa kuandika default-routes, sina ruhusa. Kila asubuhi alikuwa anaandika barua na hakuna aliyeisoma, mimi nilikuwa bize na Google.

Dawa ni mstari mmoja, wa kurudisha umiliki wa .local yote kwa mtumiaji:

sudo chown -R $USER:$USER ~/.local

Sikugusa sauti, nikarestati pale pale. Ikawaka, nikaangalia alama ya spika: 78. Siyo 40, ila pia siyo niliyoiacha. Nikashtuka kidogo halafu nikacheka, ile 78 ilikuwa ndo sauti ya mwisho ya diski ya zamani, ilikuwemo ndani ya faili lililofungiwa muda wote huo, sasa mlango umefunguliwa imetoka nayo. Nikamwita kaka aje aone. Anafika tu, mbele ya macho yetu wote wawili, 78 ikashuka yenyewe ikawa 60.

Kaka hakusema kitu. Alinitazama tu na kitana mkononi.

Nilihangaika kama dakika kumi, nimefungua log, nimeangalia folda, umiliki upo sawa, faili linaandikika, na sauti nikiipandisha nikirestati inapanda inakaa nusu dakika inashuka 60. Nusu dakika. Sekunde 30. Ilikuwa ni komandi yangu mwenyewe, ile ya kipara, niliishusha kutoka 90 nikaiacha pale pale. Nikaifuta. Tukarestati mara mbili, ikakaa. Kaka akasema bado, akaenda mwenyewe akachomoa waya wa umeme kwenye soketi bila kuzima chochote, moyo wangu ukapasuka lakini nikaelewa, huo ndo mtihani wa huku kwetu, akachomeka, ikawaka, ikakaa.

Kwa wenye Windows, maana najua nitaulizwa, dawa yangu haiwahusu lakini swali ni lile lile, inarudi namba gani na lini. Jirani wa saluni ana duka la vifaa vya simu na laptopu ya Windows 10, yeye sauti "ilikuwa inashuka yenyewe", kumbe inashuka kila akipokea simu ya mtandaoni, kwa sababu kwenye mipangilio ya sauti kuna sehemu ya mawasiliano imewekwa kupunguza sauti zingine kwa asilimia 80 ukiwa unaongea, ukichagua isifanye kitu imeisha hiyo. Mwingine shida ilikuwa tivii, kompyuta ikiwashwa tivii ikiwa imeshawaka sauti inatokea HDMI, tivii ikichelewa inatokea spika, na kila tundu lina kiwango chake, kwa hiyo anaona imeshuka kumbe imehama. Na kama yako inasahau ukizima lakini ukirestati inakumbuka, au kinyume chake, jaribu kuondoa ile kuwaka haraka (Fast Startup), kwa sababu kuanzia Windows 8 ukizima kawaida haizimi yote, sehemu inalala kwenye diski, ukirestati ndo inaanza upya kweli. Baada ya hapo ndo uanze kusumbuana na draiva.

Wiki ya pili hii. Yule mama alirudi na mtoto, nywele zimeshaanza kuota, ila amekaa naye kiti cha mbali na sabufa. Kaka alinipigia mara moja tu, kuhusu mausi. Nilipopita jana kuiangalia nikakuta sauti ipo 62, nikamuuliza kwa nini 62, akasema ndo nilipoiacha.